Mapaa ya Shule na Mapafu ya Watoto

Wasomaji wetu, twaomba ruhusa kusema neno ambalo wengi hawatapenda kulisikia, maana lagusa nyumba tunazojivunia. Katika vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki nyumba ya kwanza kujengwa kwa mawe na saruji ilikuwa kanisa au shule. Wazee walibeba mchanga kutoka mtoni, mama zetu wakateka maji, na siku ile paa lilipokwisha kuezekwa kijiji kizima kilikuja kutazama. Na mahali pengi paa lenyewe lilikuwa la mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yasiyoshika kutu wala kupiga kelele wakati wa mvua kama bati. Mwalimu aliweza kufundisha hata masika, na mchana wa jua kali darasa halikuwa tanuri. Kwa sababu hiyo tulilipenda paa hilo. Wala hatuwalaumu waliolijenga, kwa maana wengi wao hawakujua ni kitu gani walichokiweka juu ya vichwa vya watoto.

Lakini sisi twajua, na mtu ajuaye hawezi kuvaa udhuru wa asiyejua. Mapaa mengi ya namna hiyo yaliyoezekwa miaka ya zamani yamechanganywa na asbesto, na vumbi la asbesto huua. Basi shabaha ya maneno yetu ni hii: mtoto wa shule asiamriwe kamwe kuvunja, kubeba, kusugua wala kufagia asbesto, tena kila shule iandike mahali ilipo asbesto yake, na mapaa mabovu yaezuliwe kwa utaratibu na watu waliofundishwa kazi hiyo. Wako wanaosema ya kwamba jambo hili ni hofu ya bure. Hao twataka kuwajibu neno kwa neno.

Lakini kabla ya kunyosha kidole kwa wengine, yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka mingi imepita tangu siku ile, katika shule moja tuliyofundisha, ambapo tufani ya usiku iliangusha sehemu ya paa. Asubuhi tulipiga kengele, tukawapanga watoto mistari, nao wakaokota vipande vya mabamba wakavibeba vichwani mpaka njia ya shule, wakavipondaponda kwa mawe ili kuziba mashimo. Wasichana wakafagia darasa likiwa kavu, kwa mifagio ya chelewa, hata vumbi likasimama katika mwanga wa madirisha kama ukungu. Fundi akaleta mabamba mengine, akayakata kwa msumeno pale pale uani, na watoto wadogo wakamzunguka kutazama, wakichekana kwa sababu ya unga mweupe uliowaangukia nyweleni. Sisi walimu tulisimama kando tukawasifu kwa bidii yao. Jioni kila mmoja alipewa kipande cha muwa akaenda kwao kwa furaha.

Hakuna aliyekohoa siku ile. Hakuna aliyeugua juma lile, wala mwaka ule. Ndiyo sababu hatukujua kwamba tumetenda ubaya. Moshi huwasha macho, na pilipili hukohoza, hata mtoto mchanga huikimbia. Asbesto haina harufu, haina ladha, haiwashi. Humwingia mtu kwa upole, ikakaa ndani yake kama mgeni asiyeaga.

Je, asbesto ni nini? Ni jiwe, lakini si jiwe kama mawe mengine. Lichimbwapo ardhini na kupondwa, halivunjiki kuwa changarawe, bali huchambuka kuwa nyuzi kama pamba au katani. Ziko namna zake kadhaa. Zilizotumika sana ni ile nyeupe, ya kahawia na ya buluu. Nyuzi hizo haziungui kwa moto, hazili kutu, wala hazikatiki upesi, kwa hiyo watu walizistaajabia, wakazitia katika nguo za wazima moto, katika breki za magari, na katika mabomba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Hatschek, mtu wa Austria, alivumbua njia ya kuzichanganya na saruji na kupata bamba jembamba lenye nguvu. Akaliita Eternit, jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya milele. Mabamba ya namna hiyo yakasambaa duniani mwote, na bara letu halikusahauliwa. Tena asbesto nyingi ilichimbwa papa hapa Afrika, katika machimbo ya Afrika Kusini, ya Zimbabwe, na ya Bulembu katika nchi ya Eswatini.

Hapana kitu cha milele chini ya jua, na bamba la asbesto nalo huzeeka. Mvua, jua na kuvu huila ile saruji ya juu polepole, ndipo nyuzi zilizofungwa ndani huanza kuachiliwa. Bamba likivunjwa, likitobolewa kwa kekee, likikatwa kwa msumeno au kusuguliwa kwa burashi ya waya, nyuzi hutoka kwa maelfu na maelfu. Nyingine ni nyembamba kuliko unywele mara mia na zaidi. Jicho halizioni, nazo huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kisicho na upepo. Mtu azivutapo, hupita puani na kooni zikashuka mpaka ncha za mapafu. Mwili wetu una askari wake wa kula uchafu uingiao. Lakini askari hawa hushindwa kuzimeza nyuzi hizi wala kuziyeyusha. Hufia juu yake, na mahali pale huwa pa uchungu siku zote, kama mguu wenye mwiba usiotolewa.

Matokeo yake hayaonekani mpaka imepita miaka 20, 30, 40, hata 50. Mtu aliyevuta vumbi jingi huweza kupata asbestosisi, yaani mapafu kujaa makovu na kukakamaa hata pumzi ikawa kazi ya kutwa. Mwingine hupata saratani ya mapafu, hasa akiwa mvuta tumbaku, maana tumbaku na asbesto zikikutana huzidishiana nguvu. Mwingine tena hupata mesothelioma, nayo ni saratani ya ule utando unaofunika mapafu au matumbo, ambayo ni vigumu mno kuiponya. Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba asbesto za namna zote huleta saratani, na lakadiria ya kuwa vifo vitokanavyo na asbesto iliyovutwa kazini hupita 200,000 kila mwaka.

Wala mtu asiseme kwamba haya ni mambo mapya. Mwaka 1924 alikufa Nellie Kershaw, mwanamke wa mji wa Rochdale katika Uingereza, ambaye alisokota asbesto kiwandani. Daktari aliyeyachunguza mapafu yake alikuta vumbi hilo ndani. Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali ya nchi hiyo walitoa habari za wafanyakazi walioharibika mapafu, na mwaka 1931 sheria ya kupunguza vumbi viwandani ikaandikwa. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakiwa wameipata asbesto, hasa ile ya buluu ya upande wa kaskazini wa jimbo la Cape. Na hapa twawaomba wasomaji wasimame kidogo. Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo watu ambao hawakuingia machimboni hata siku moja. Walikuwa watu waliokaa karibu na machimbo utotoni, na vumbi likawafuata mpaka nyumbani.

Huko Wittenoom, katika Australia ya Magharibi, asbesto ya buluu ilichimbwa toka miaka ya 1940 mpaka mwaka 1966. Mabaki ya machimbo yalimwagwa mjini kuwa kifusi cha njia na nyua, hata uwanja wa shule. Watoto wakayachezea kama mchanga. Baadhi ya watoto wale walikufa wakiwa watu wazima, na mji wenyewe umefutwa katika orodha ya miji. Kadhalika katika Casale Monferrato, mji wa Italia uliokuwa na kiwanda cha mabamba toka 1907 mpaka 1986, wenyeji walipewa mabaki ya kiwanda wakayatandaza katika nyua zao, nao wamezika watu wengi, hata wale ambao hawakufanya kazi kiwandani. Sisi tuliposoma habari hizi tuliikumbuka njia yetu ya shule, na mashimo yale yaliyozibwa na mikono ya watoto.

Sasa tuwasikilize wapinzani.

Wa kwanza husema: "Tumekaa chini ya mapaa haya miaka hamsini, na hakuna aliyekufa." Twamwuliza, ni nani aliyehesabu? Mtoto aliyefagia darasa mwaka 1980 hayuko tena kijijini. Yuko Dar es Salaam, au Mombasa, au Kampala. Na akipata kikohozi na maumivu ya ubavu, wengine watasema ni kifua kikuu, wengine pumu, wengine watasema amerogwa. Nani atamwuliza habari za paa la shule aliyoisoma akiwa na miaka tisa? Katika zahanati zetu nyingi hapana hata picha ya kifua. Kutohesabu makaburi si ushahidi kwamba makaburi hayapo. Tena ugonjwa wenyewe huchukua nusu ya maisha ya mtu kujionyesha. Wazee walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Na hapa mithali yenyewe yageuka kuwa hesabu ya kweli, kwa maana aliyelivuta vumbi akiwa mtoto huugua wakati ana wajukuu.

Wa pili husema: "Nyuzi zimefungwa ndani ya saruji, haziwezi kutoka." Neno hili lina nusu ya kweli, nasi hatutaki kuificha. Bamba zima, lisilo na ufa, lisiloguswa, halitoi nyuzi nyingi. Hatuwaambii wazazi wawatoe watoto shuleni leo hii kwa sababu ya paa zima. Maana kuacha masomo nako ni hasara kubwa. Lakini ni paa lipi la shule lisiloguswa? Mpira hupigwa juu yake. Embe huanguka. Nyani hupita. Fundi hupanda kuziba matundu, akakanyaga na kuvunja. Na kila mwaka, kabla ya mgeni mkubwa kuja, twawapandisha vijana wakwangue kuvu na kupaka rangi. Paa huwa salama mpaka siku tunapoamua kulipendezesha. Na mfereji wa paa, ambao mvua huuteremshia mabaki ya mabamba, nani huuzibua kwa mikono wakati wa kiangazi, matope yakiwa yamekauka kuwa unga? Ni mwanafunzi aliyechelewa shule, akipewa adhabu.

Wa tatu husema: "Mabamba yetu ni ya asbesto nyeupe, na nyeupe haina dhara." Neno hili lilitoka kwa wauzaji, na wanunuzi wakalirudia mpaka wakalisadiki. Shirika la Afya Duniani halikuitenga nyeupe. Uingereza ilikataza asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na mwaka 1999 ikakataza nyeupe pia. Nchi za Umoja wa Ulaya zote zilipaswa kuiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2005. Afrika Kusini, iliyokuwa mchimbaji mkubwa, ilikataza mwaka 2008. Marekani ilitoa katazo la nyeupe mwaka 2024. Uko mkataba wa mataifa uitwao Mkataba wa Rotterdam, ambao wamtaka muuzaji wa vitu vya hatari kumpa mnunuzi habari kamili na kungoja kibali chake. Asbesto za namna nyingine zimo katika orodha yake. Ile nyeupe ilipotajwa, toka mwaka 2006, wajumbe wa nchi chache wameizuia mara kwa mara. Angalieni sana: hawakuombwa kuacha kuuza, waliombwa kumwambia mnunuzi anachokinunua, nao wakakataa. Mfanyabiashara anayekataa kutaja kilichomo ndani ya gunia lake amekwisha kukitaja.

Wa nne husema: "Watoto wana damu changa, watalihimili vumbi kuliko sisi wazee." Huu ni upotofu mkubwa. Mwaka 2013 kamati ya wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza ilipiga hesabu, ikaona ya kuwa mtoto aanzaye kuvuta vumbi hilo akiwa na miaka 5 ana hatari ya kupata mesothelioma katika maisha yake kama mara 5 ya mtu aanzaye akiwa na miaka 30. Sababu ni nyepesi kuelewa. Ugonjwa huu wataka miaka mingi, na mtoto ndiye mwenye miaka mingi mbele yake. Kile tunachokiita baraka ya ujana, yaani maisha marefu yajayo, ndicho asbesto hukitumia.

Na katika Uingereza jambo hili limefika mbele ya hakimu. Mwanamke mmoja aliyesoma shule ya sekondari karibu na Liverpool katika miaka ya 1970 alipata mesothelioma. Alidai kwamba alivuta vumbi shuleni, katika ukumbi ambako mafundi walifanya kazi darini, na mahali pengine ambapo mbao za dari zilizovunjika ziliachwa. Alikufa mwaka 2009. Mwaka 2011 mahakama kuu kuliko zote ya nchi hiyo ilithibitisha hukumu kwamba wenye shule ndio wa kulipa. Hakuwa mchimbaji, wala fundi. Alikuwa mwanafunzi. Mpaka leo shule nyingi za Uingereza zina asbesto ndani yake. Serikali ilipoziuliza, na majibu kutolewa mwaka 2019, kama shule 8 katika kila 10 zilizojibu zilisema zinayo. Basi msidhani ya kwamba aibu hii ni ya Afrika peke yake. Tofauti ni kwamba wao wameiandika katika daftari, na sisi wengi hatujaiandika.

Wa tano, naye ndiye mwenye nguvu kuliko wote, husema: "Hatuna fedha." Huyu hatumdhihaki, maana twaijua sanduku la shule na uzito wake. Lakini tunayo majibu matatu.

Jibu la kwanza ni kwamba mambo makubwa ya kumkinga mtoto hayahitaji senti. Kukataza mfagio mkavu hakuhitaji fedha. Kumkataza kijana asipande juu ya paa hakuhitaji fedha. Kuandika katika daftari ni majengo gani yenye mabamba ya kijivu, darasa, bweni, jiko, choo na nyumba ya mwalimu, kwahitaji kalamu na nusu ya siku. Uovu tulioutenda sisi haukutokana na umaskini. Tulikuwa na mikono ya bure ya watoto, ndiyo maana tuliitumia.

Jibu la pili ni kwamba aliyeezeka ndiye mwenye wajibu wa kuezua. Shule hizi zilijengwa na serikali, na madhehebu, na mashirika. Vijiji vilitoa mchanga na maji, havikuchagua mabamba. Basi gharama ya kuyaondoa isirudishwe kwa mama auzaye mihogo, ati achangie. Nchi ya Rwanda iliazimia kuondoa asbesto katika majengo yake yote, ya serikali na ya watu, na kwa miaka mingi imekuwa ikiezua. Katika Kenya kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu taka ya asbesto kuwa taka ya hatari, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ilitoa mwongozo wa kuiondoa na kuizika. Kwa hiyo haifai kusema kwamba jambo hili laweza kufanywa Ulaya tu.

Jibu la tatu ni kwa wale wenye werevu wa kupata fedha kwa njia nyingine. Husema: "Tukiezua, tuwauzie wanakijiji mabamba ya zamani, nasi tutapata fedha za bati." Tumeona mabamba hayo yakiwa banda la kuku, yakiwa paa la jiko ambamo mama hupika na mtoto mgongoni, yakiwa ubao wa kufulia nguo mtoni. Huko si kuondoa hatari. Ni kuigawanya, kipande kwa kila nyumba. Kamati ya shule iuzayo mabamba hayo yamtoa mtoto katika hatari ya mchana na kumpelekea hatari ya usiku.

Basi, baada ya kujibu, yatupasa kusema ni nini kifanywe, maana mwalimu akosoaye bila kuonyesha njia hafai.

Kwanza, kila paa la zamani la mabamba ya kijivu, na kila dari ya zamani isiyojulikana, lihesabiwe kuwa na asbesto mpaka maabara imethibitisha vinginevyo. Jicho peke yake halitoshi, kwa kuwa yako mabamba ya siku hizi yasiyo na asbesto yanayofanana nayo kabisa.

Pili, bamba zima liachwe lilivyo. Lisitobolewe, lisikwanguliwe, wala lisipigwe msumari.

Tatu, bamba likivunjika, watoto watolewe mahali pale mara moja, na Bwana Afya aitwe. Vipande vilowanishwe maji kabla ya kuguswa, kwa maana vumbi lililolowa haliruki. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, wala isifagiwe. Kazi hii ifanywe na watu wazima wenye kinga ya pumzi iliyotengenezwa kwa vumbi jembamba. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu. Vipande na vitambaa vifungwe katika plastiki nene.

Nne, kuezua kufanywe wakati wa likizo, na watu waliofundishwa, kwa idhini ya mamlaka ya mazingira, kama NEMA katika Kenya na Uganda, au NEMC katika Tanzania. Bolti zilegezwe, bamba lishushwe zima kwa mikono. Lisitupwe chini wala kupigwa nyundo. Kisha yote yafungwe na kuzikwa mahali palipokubaliwa. Shimo la taka la shule si mahali pake, wala mtaro, wala njia.

Tano, wazazi waambiwe. Nchi ya Marekani ilitunga sheria mwaka 1986 kwamba kila shule ikaguliwe na mtu aliyefundishwa, ikaguliwe tena kila miaka 3, na iwe na daftari ya asbesto ambayo mzazi yeyote aweza kuifungua. Tena wazazi na walimu wapewe habari kila mwaka. Ni sheria njema. Lakini sheria pasipo watu waaminifu ni karatasi. Katika Agosti 1993 ilijulikana ya kwamba ukaguzi uliofanywa katika shule za mji wa New York haukuaminika, na kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa Septemba ile, watoto karibu 1,000,000 wakangoja majumbani. Mji tajiri namna ile ulidanganywa na daftari zake wenyewe. Basi sisi tusiridhike na muhuri. Tutazame kwa macho yetu, tukiwa chini, pasipo kugusa.

Na jambo la sita ni kwetu walimu peke yetu. Desturi ya kuwafanya wanafunzi kuwa mafundi, wapagazi na wafagiaji wa shule ina mema yake. Yafundisha mkono kutoidharau kazi. Lakini kazi ya kumfunza mtoto ni moja, na kazi ya kumtumia ni nyingine. Kabla ya kumpa mtoto ufagio, na tujiulize: ningempa mwanangu? Kabla ya kumpandisha juu ya paa, na tujiulize: ningepanda mimi? Mwalimu asiyeweza kujibu ndiyo kwa maswali haya mawili na auweke ufagio chini.

Watoto wale wa siku ile ya tufani leo ni watu wazima. Mmoja ni dereva, mmoja ni mkunga, wengine hatujui walipo. Tukikutana nao sokoni hutuamkia, "Shikamoo, mwalimu," nasi huitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha tukaulizana habari za nyumbani. Huku tukiongea, mioyo yetu huhesabu miaka: imepita mingapi, imebaki mingapi. Huenda wasipatwe na neno lolote, nasi twaomba iwe hivyo. Lakini vumbi lile hatuwezi kuwatoa tena. Hakuna daktari awezaye. Tuwezalo ni kuwakinga walio darasani leo, ambao mapafu yao bado ni safi.

Ndugu wasomaji, juma hili mtakapopita shuleni kwenu, inueni macho mlitazame paa. Kisha nendeni kwa mwalimu mkuu mkamwulize kwa heshima: "Paa hili ni la nini, na likivunjika nani atafagia?" Akikosa jibu, mwulizeni tena juma lijalo.